Waipa ya Pumzi

Alikuja nalo Pasua Jumanne, likivutwa kwa mnyororo
na trekta la shamba la mahindi la Kahe:
lori la jeshi, pua fupi, rangi ya jani la mgomba lililokufa,
namba nyeupe mlangoni zimebaki tatu.
"Injini inawaka," alisema Mzee Ndekirwa.
"Breki zinashika. Ila mvua ikinyesha, halioni."

Hafidhi, mwanafunzi wangu, hakungoja hata chai.
"Tuweke mota ya Korola, fundi Ndeshi. Mbuyuni zipo.
Elfu thelathini, nyaya mbili, kazi imekwisha."
Mzee akamtazama kama mtu aliyeshauriwa
amng'oe mkewe meno, amwekee ya jirani.

Nikafungua. Bolti nne, moja imeoza.
Ndani ya kibati chenye umbo la nusu chapati
hukaa kasia la ngozi,
linakwenda huku na huku kwa pumzi ya injini.
Ngozi niliikuta kavu kama ulimi wa kiatu cha marehemu,
na kwenye tundu la hewa nyigu alishajenga
chumba na sebule.

Niliiloweka katika mafuta ya nyonyo.
Kila asubuhi naibonyeza kwa kidole gumba
kama parachichi la sokoni: bado.
Bado.
Siku ya nne ikakubali.

Nyumbani kwetu utupu ni neno la kuinamisha uso.
Mama akilazimika kulitaja, alishusha sauti, akavuta kanga.
Gerejini nikamwambia Hafidhi:
hapa utupu ndio fundi mkuu.
Injini inavuta hewa kwa kiu, inaacha pengo,
na pengo halipendi kukaa peke yake,
linavuta kasia, kasia linavuta mkono, mkono unafuta kioo.
"Yaani kitu ambacho hakipo ndicho kinasukuma?"
Hakisukumi, nikasema. Kinavuta.

Mpira wa kwanza ulikuwa wa dripu, msafi, unaona hadi ndani.
Injini ilipowaka ukanywea,
shavu la mtu anayefyonza mfupa.
Wa pili wa gesi, mnene, mkaidi. Huo ukakaa.
Kabla sijaufunga niliweka ncha mdomoni, nikavuta.
Petroli, shaba, nyonyo,
na kule juu ya kioo mkono ukanyanyuka,
polepole, kama wa mtoto asiye na hakika na jibu.
Hafidhi akaacha kucheka.

Jumamosi masika yalitukuta tukipanda Kibosho.
Hapo ndipo utaijua waipa ya pumzi:
ukikanyaga mafuta, inalala.
Mlima unadai kila kitu, injini haibakizi kiu,
na kioo kinageuka uji.
Nikashika dashibodi kwa mikono miwili.
Nyuma, chini ya turubai, Hafidhi alimaliza
dua zote za madrasa, akaanza upya.

Mzee hakutukana wala hakubadili gia.
Aliinua mguu, kidogo tu, kama anayempisha kuku.
Lori likaguna,
waipa ikaamka, ikapiga mara mbili, upesi:
mfereji, mgomba, mwanamke na mkungu kichwani,
kona.
Mguu ukarudi, na upofu ukarudi.
Tulipanda hivyo, tukiona kwa vipande,
kona moja baada ya nyingine, hadi kanisani.

"Nilipokuwa kijana," alisema, akizima injini,
"nilidhani imeharibika."
Hakuongeza neno.

Amenilipa nusu, na ndizi.
Waipa ya kushoto bado inasinzia katikati ya kioo,
nimemwambia alilete tena lori Alhamisi.
Ngozi yake imo kwenye kopo la Kimbo, chini ya benchi, inalowa.
Leo asubuhi nimeibonyeza.
Bado.